Ardhi Ovu

Mji mzima ulimwita Bi Nukta, na waliompa jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa na chumba kimoja cha uchapaji kilichobanana na ukuta wa ofisi ya baraza la mji. Ndani mlikuwa na kompyuta iliyochoka, mashine ya fotokopi iliyokohoa kama mvuta tumbaku, benchi la wateja, na yeye mwenyewe, kalamu nyekundu ikining'inia shingoni kwa uzi kama wengine wanavyoning'iniza funguo. Kalamu hiyo haikujua mkubwa wala mdogo. Ilisahihisha ubao wa bucha, ilisahihisha barua ya posa, ikasahihisha hata tangazo la msiba lililosema kwamba marehemu atawapokea wageni nyumbani kwake kuanzia saa nne asubuhi. Wafiwa walinuna. Bi Nukta akawaambia kwamba kama marehemu atawapokea kweli, yeye hana neno, ila watu wangependa kujulishwa mapema.

Shule yake iliishia darasa la saba. Kuchapa alijifundisha mwenyewe, kwa taipureta iliyopigwa mnada baada ya chama cha ushirika kufilisiwa na viongozi wake, na ambayo herufi yake "a" iliruka juu ya mstari kama mtu aliyekalia msumari. Kwa taipureta hiyo aliichapia ofisi ya baraza kila karatasi kwa miaka mingi. Halafu akaja Katibu mpya, kijana mwenye simu mbili na manukato yanayomtangulia mlangoni, akanunua kompyuta ya ofisi na kutangaza kwamba hii inajisahihisha yenyewe, kwa hiyo mama wa kalamu apumzike. Tangu siku hiyo barua za baraza zilitoka kama watoto waliovalishwa gizani, kifungo cha juu kwenye tundu la chini. Hakuna aliyeona. Katika ofisi ile karatasi zilisainiwa, zilipigwa muhuri, zilitiwa kwenye faili. Kuzisoma haikuwa kazi ya mtu.

Kisa chenyewe kilianza na shuka.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa dobi. Walikaa ua mmoja, ulioonekana kutoka mlango wa chumba cha uchapaji, wakachota kisima kimoja, na walitaniana kwa maneno ambayo watu wengine wangepelekana nayo polisi. Dobi alizifulia zahanati na nyumba tatu za wageni. Kila asubuhi aliandika orodha ya nguo kwenye kipande cha karatasi, na kila asubuhi Bi Nukta aliisahihisha kabla ya kumeza chai. Asubuhi hiyo dobi hakuleta orodha. Alileta shuka la zahanati, lililofuliwa mara mbili, akalitandaza juu ya mashine ya fotokopi. Lilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Wifi," alisema, "hili liliingia kwenye maji ya kisima na doa moja la damu. Sasa doa silioni, maana shuka lote ni doa."

Sababu haikuhitaji kupigiwa ramli. Nyuma ya mtaa wao, mtaa wa chini, kulikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo na matete, ambacho mtu wa haraka angekizunguka kwa saa nzima na bado akatoka na tope magotini. Mvua zilipomwagika huko mlimani, ambako msitu ulikwisha kugeuzwa mkaa na viti vya ofisi, maji yalishuka mekundu na yenye hasira, yakaingia kinamasini, yakazunguka humo siku mbili tatu katikati ya mizizi, yakatoka upande wa pili yametulia. Visima vyote vya mtaa wa chini vilinywa hapo. Kambare walizaa hapo. Korongo walisimama hapo kwa mguu mmoja, wamenyamaza, wakifanya kazi nyingi kuliko baraza zima. Wakubwa wa mji walikiita pori la mbu, kwa sababu walikuwa wakikiona kupitia kioo cha gari.

Na sasa kulikuwa na Mwekezaji. Hakuna aliyewahi kumwona, wala kuona alichowahi kuweka. Kilichoonekana ni malori yake, ambayo kwa siku tisa yalikuwa yakimwaga kifusi kinamasini, matofali yaliyovunjika, vipande vya zege na udongo mwekundu, ili pasimamishwe maghala. Kabla ya malori alikuja Mtaalamu wa mazingira, kuchunguza kama kuna madhara. Alishuka garini na mabuti meupe ya mpira, akapigwa picha akiwa ameshika daftari, akarudi garini na mabuti meupe vilevile. Ripoti yake ilikuwa na kurasa sitini. Katika ukurasa wa viumbe hai iliandikwa kwamba hakuna viumbe vya kutajwa. Vyura walikuwa hawajaisoma, wakaendelea kulia kila jioni.

Mawifi wawili walikunja lile shuka, wakaenda nalo mlango wa pili, ofisini kwa Katibu. Aliwakaribisha vizuri sana, kama anavyokaribisha mtu aliyejiandaa kukataa. Akawaita mama zangu. Akasikiliza. Bi Nukta akamkumbusha kwamba kuna sheria ndogo ya baraza inayolinda kinamasi, imetundikwa ukutani hapohapo ofisini kwa miaka ishirini na miwili, ndani ya fremu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeichapa.

"Ipo," alisema Katibu. "Tena wakili wa Mwekezaji ameisoma vizuri." Akainuka, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kitambaa, akasoma kwa sauti ya mtu anayehubiri. "Ni marufuku kwa mtu yeyote kufukia, kulima au kujenga ndani ya ardhi ovu." Akageuka. "Ardhi ovu, mama zangu. Sasa niambieni. Hiki kinamasi kimemwibia nani? Kimezini na mke wa nani? Kama hakijawahi kuhukumiwa kwa uovu, sheria hii haikihusu."

Makarani walicheka mpaka mmoja akakohoa. Dobi alimtazama wifi yake, akitegemea kalamu nyekundu itoke shingoni kama panga. Haikutoka. Bi Nukta alikuwa amekisogelea kioo na kukitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake kwenye tangazo la wanaotafutwa. Herufi "a" kwenye "ardhi" ilikuwa imeruka juu ya mstari. Baada yake palikuwa na "ovu", herufi tatu, zimenyooka, safi, zake.

Akasema twende.

Kumbukumbu yake ilikuwa ndefu kuliko foleni ya zahanati, na usiku na mchana ilikuwa ikiwawekea watu wengine makosa yao. Siku hiyo ilimgeukia. Alimkumbuka Bwana Misitu, afisa wa misitu na maji wa wakati ule, mtu mfupi ambaye viatu vyake havikupata kukauka, na ambaye alikuwa kichekesho cha ofisi kwa sababu alikuwa anakwenda kweli huko alikosema amekwenda. Alileta rasimu ya sheria kwa mwandiko wa mkono. Akakaa kwenye benchi la wateja na kumweleza mchapaji, ambaye hakuuliza, kwamba kinamasi ni chujio la chai. Anayeziba chujio, alisema, asilalamike akitafuna majani. Rasimu iliandika "ardhi oevu". Mchapaji alikuwa kijana, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuogopwa kwa usahihi wake, na neno hilo hakuwahi kulisikia. Ardhi iliyolowa maji watu waliita kinamasi, waliita tope. Ovu alilijua. Akaona maskini wa Mungu kaongeza "e" kwa kiherehere. Akachomoa kalamu nyekundu, akaikata ile "e", akatia herufi za jina lake pembeni kama alivyozoea, akachapa. Bwana Misitu alihamishwa wiki hiyohiyo, na aliko sasa hakuna uhamisho.

Madiwani ishirini na wanne waliipitisha sheria wakiwa wameketi. Walikuwa wamekataza kufukia ardhi yenye dhambi, na hakuna aliyeuliza ni ipi.

Jioni hiyo, uani, Bi Nukta alimweleza wifi yake akiwa amempa mgongo. Dobi aliacha kufua. Kicheko kikamtoka, kikapanda, kikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifuta macho kwa mkono wenye povu, macho yakamwasha, akazidi kucheka.

"Miaka yote hii," alisema alipopata pumzi. "Miaka yote unanikatia soksi na foronya, unaniambia wifi hapa umesahau herufi. Kumbe mwenzangu umesahau kinamasi kizima."

Bi Nukta akasema yupo tayari kufa kabla mji haujajua.

"Hutakufa kwa aibu," alisema dobi, na safari hii hakucheka. "Utakufa kwa kuhara, ukinywa hayo maji. Mimi pia. Rasimu unayo?"

Alikuwa nayo. Hakuwahi kutupa karatasi. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati lenye aibu za mji mzima kwa mpangilio wa miaka. Dobi akasema basi, iko siku ya kikao cha wananchi, na mficha uchi hazai. Akarudi kwenye karai lake, akaanza kusugua shuka ambalo wote wawili walijua halitakuwa jeupe.

Kikao cha wananchi kilikuwa kimewekwa siku ya kumi na nne tangu malori yaanze kumwaga, ili wananchi waulizwe kama wanakubali malori yaje. Ni sawa na kumuuliza bibi harusi kama ameridhia, akiwa leba. Sheria ilitaka kikao kifanyike na haikusema kabla, na Katibu alikuwa mtu wa kutii sheria.

Siku moja kabla ya kikao, Bi Nukta alikwenda kwa miguu hadi kwenye kinamasi. Alitaka kukiona, kama mtu anavyokwenda kumtazama mgonjwa aliyemponza. Kifusi kilikuwa kimekula robo nzima. Mafunjo yalichomoza katikati ya matofali, vichwa chini. Kambare mmoja alikuwa kwenye dimbwi dogo lililobaki kama karai, akizunguka, akizunguka. Kwenye njia ya kuingilia palisimamishwa ubao mpya wa baraza, na juu yake kibali, kimechapwa na ile kompyuta inayojisahihisha, kimepigwa muhuri na kufunikwa plastiki. Bi Nukta alikisoma kwa mazoea. Akakisoma tena. Mkono ukaenda shingoni, ukachomoa kalamu nyekundu, ukafika mpaka kwenye plastiki. Pale ukasimama. Dereva wa lori aliyekuwa kivulini alimwona bibi huyo amesimama na kalamu hewani kama mtu anayetaka kumchoma mbu na hataki kumkosa. Kisha akairudisha kalamu shingoni, akaondoka. Lilikuwa kosa la kwanza maishani mwake kulipita bila kulisalimia.

Ukumbi ulijaa. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cha kijani, na juu yake chupa za maji za plastiki, zilizoletwa kutoka mji mwingine kwa ajili ya watu waliokuja kueleza kwamba maji ya hapa hayana tatizo. Mtaalamu alirusha picha ukutani. Alisema ikolojia, alisema uendelevu, alisema upunguzaji wa athari, akawamwagia watu maneno hayo kama malori yalivyomwaga kifusi. Kila aliponyamaza ili apate pumzi, vyura walisikika kwa uwazi kupitia dirishani, na watoto wakacheka. Alipofika kwenye picha iliyosema hakuna viumbe vya kutajwa, akaomba dirisha lifungwe.

Wakili wa Mwekezaji akaeleza ile habari ya ardhi ovu, kwa upole, kama mtu anayewahurumia wasiojua. Ndipo Bi Nukta akasimama.

Watu walijiweka sawa wakitarajia kusikia Katibu akisahihishwa. Badala yake aliinua juu karatasi iliyogeuka manjano, akasema kwamba neno lililoandikwa na marehemu Bwana Misitu lilikuwa oevu, maana yake ardhi inayoshika maji, yaani kinamasi; kwamba hii hapa ni rasimu yake kwa mkono wake; na kwamba kuna mjinga mmoja aliyejiona anajua kuliko mwenye kazi, akaikata "e" kwa wino mwekundu na kutia jina lake pembeni.

"Mjinga huyo ni mimi," alisema. "Miaka ishirini na miwili nimewacheka ninyi. Leo nichekeni."

Hawakuhitaji kuombwa mara mbili. Mwenye bucha alicheka akijipiga paja. Wafiwa wa lile tangazo walicheka kwa niaba ya marehemu. Bi Nukta alisimama akaupokea mzigo wote, mkono umeshika karatasi, shingo imenyooka, mpaka kicheko kikaisha chenyewe kwa kukosa mtu wa kukikimbia.

Wakili alingoja kimya kirudi. Akasema anamsikitikia mama, lakini sheria ni ile iliyopitishwa, ikasainiwa, ikapigwa muhuri. Alichokusudia marehemu amekwenda nacho. Herufi ni herufi.

Bi Nukta akamgeukia Katibu, akauliza kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kuelewa vizuri somo. "Kwa hiyo, mwanangu, kilichoandikwa na kupigwa muhuri na baraza ndicho, hata kama aliyeandika alikusudia kingine?"

"Ndicho, mama," alisema Katibu.

"Na hakuna ruhusa ya kusema tulikosea kuchapa?"

"Tukifungua mlango huo hatutaufunga."

Akaomba liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Katibu, akiwa na haraka ya kumaliza, akaamuru liandikwe, na wakili akaitikia kwa kichwa. Mwandishi wa muhtasari akaandika. Bi Nukta akangoja mpaka kalamu yake iache kutembea. Kisha akasema kwamba ana ombi dogo la mwisho: kwa kuwa nusu ya waliomo ukumbini hawajafika kule kinamasini, Katibu awasomee kile kibali kilichobandikwa kwenye ubao, neno kwa neno, herufi kwa herufi.

Katibu alikuwa na nakala mezani. Aliinua, akasafisha koo. "Kibali cha kufuku..." alisema, akasimama.

"Endelea, mwanangu," alisema Bi Nukta. "Herufi ni herufi."

Kwenye kibodi "u" na "i" zimekaa jirani, kama nyumba za mawifi, na mtu asiye makini huingia ya mwenziwe. Kibali kiliandikwa kufukua pale palipotakiwa kufukia. Tena si mahali pamoja. Ile kompyuta, baada ya kukubali kosa la kwanza, ilikuwa imelirudia kwa uaminifu mpaka chini. Baraza la mji lilikuwa limeidhinisha, kwa saini tatu na mihuri miwili, kufukuliwa kwa kinamasi cha mtaa wa chini kwa muda wa siku tisini. Na kwa kuwa kila kibali siku hizi lazima kitiwe sukari kidogo ya kuwatuliza watu, aya ya mwisho ilisema kwamba kazi yote ya kufukua itafanywa na wakazi wa mtaa husika. Sukari hiyo haikuwahi kukorogwa. Hakuna mkazi hata mmoja aliyepewa kazi. Lakini ilikuwa imeandikwa.

Safari hii kicheko kilichelewa kidogo, maana watu walikuwa wanalipitisha neno mdomoni, kufukia, kufukua, mmoja anamweleza jirani yake. Kilipofika kilitikisa bati. Wakili aliinuka akasema hili ni kosa dhahiri la uchapaji, kila mtu mwenye akili anajua nini kilikusudiwa.

Aliyemjibu alikuwa dobi, kutoka nyuma, bila kusimama, lile shuka la rangi ya chai likiwa mapajani mwake.

"Baba, chagua," alisema. "Ukitaka tusome nia, tusome nia zote mbili, na kinamasi kinalindwa. Ukitaka tusome herufi, tusome herufi zote mbili, na sisi tunafukua. Shuka moja halifuliwi nusu."

Wakili alimtazama Katibu. Katibu alimtazama Mtaalamu. Mtaalamu alikunywa maji yake ya chupa mpaka yakaisha, akaanza kuitazama chupa. Kisha Katibu akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa.

Asubuhi yake, kabla jua halijakausha umande, wakazi wa mtaa husika waliripoti kazini. Walikuja na majembe, makoleo, matoroli, mabeseni ya kufulia. Mwenye bucha alikuja na aproni yake. Bi Nukta alikuja na koleo la kuazima na glavu za jikoni. Dereva wa lori la kwanza alipofika na kifusi chake alikuta watu mia mbili wakitoa cha jana, akazima injini, akakaa kwenye ngazi ya lori kutazama. Saa tatu alikuja askari, ametumwa. Wakamwelekeza kwenye ubao. Akausoma kwa kidole, akafika kwenye muhuri, akapiga simu. Walimsikia akisema ndiyo mkuu, mara nyingi. Kisha akasema hapana mkuu, imeandikwa kufukua, nami naona wanafukua. Akaiweka simu mfukoni, akatafuta kivuli.

Kifusi chenyewe walikipeleka kwenye barabara ya kwenda ofisi ya baraza, wakakitia kwenye mashimo ambayo baraza lilikuwa likiahidi kuyaziba tangu enzi za Bwana Misitu. Hilo halikuwa na kibali. Hakuna aliyethubutu kulilalamikia.

Siku ya kumi na moja ya kufukua, Katibu aliingia kwenye chumba cha uchapaji kwa miguu yake. Manukato yalikuwa yamepungua. Wakubwa wake wa juu walikuwa wameusoma ule muhtasari, pengine muhtasari wa kwanza walioupata kuusoma, na walitaka kujua ni nani aliyefunga mkia wa baraza kwenye nguzo. Alikuwa na bahasha yenye kibali, akaomba kirekebishwe upesi. Bi Nukta alikiweka upande mmoja wa meza. Akasema kosa kubwa hutangulia, naye lake ni kubwa zaidi. Ama yarekebishwe yote mawili, la sheria kwanza, ama hakuna. Katibu akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa alikuwa na haraka na kwa kuwa, mpaka hapo, hakuwa amekaa chini kulifikiria jambo lolote hadi mwisho wake.

Madiwani wakaletewa karatasi mbili chini ya ajenda iitwayo masahihisho ya uchapaji, baada ya mambo mengine na kabla ya chakula cha mchana. Wakapitisha zote mbili wakiwa wameketi, bila kusoma, kama kawaida yao. Uzembe uleule ulioiuza ardhi sasa uliikomboa. Siku hiyo kibali kikawa sahihi kabisa, kila herufi mahali pake, na kikawa kinaruhusu jambo ambalo sheria iliyotangulia kupitishwa dakika mbili kabla ilikuwa imelikataza. Kikarudi kwenye faili, kizuri, kisicho na kazi. Wakili aliandika barua ya kurasa nne kupinga. Bi Nukta, aliyeletewa kuitoa fotokopi, alihesabu ndani yake makosa kumi na saba, akayaacha yote.

Wala mtu asidanganywe kwamba kila kitu kilirudi. Upande wa barabara, ambako malori yalikanyaga na kukanyaga, ardhi ilibaki ngumu kama kisigino, na mpaka leo mafunjo yanaizunguka bila kuingia. Yule kambare wa dimbwini hawakumkuta. Mwekezaji alihamisha malori yake kwenda kwenye mji mwingine wenye kinamasi kingine, na bila shaka huko alianza kwa kuuliza kama kuna mtu anayesoma. Mtaalamu yuko naye, na mabuti yake.

Kisima kilichukua wiki tano kusafika. Kwanza kilitoka chai ya maziwa, kisha chai ya rangi, kisha maji yenye wasiwasi. Asubuhi moja dobi aliingia tena kwenye chumba cha uchapaji, mikono bado ina povu, akaweka mezani kipande cha karatasi na kusimama pembeni akitazama dari, kama mtu ambaye hana habari.

Bi Nukta akakichukua. Orodha ilisema: *mashuka maovu kumi na mawili, yako kwenye kamba, yanangoja jua.*

Aliinua macho. Kupitia mlangoni, juu ya ukuta wa ua, aliyaona mashuka ya zahanati yamepangwa, yanachuruzika maji, meupe mpaka yanaumiza macho. Akachomoa kalamu nyekundu, akachomeka "e" mahali pake, akatia herufi za jina lake pembeni, akarudisha karatasi.

"Asante, wifi," alisema dobi. "Nilidhani sasa umejifunza."